Vituo Saba vya Kusini

Eluney alikataa ndege.
"Ndege inakutoa hapa inakutupa kule kama barua,
njiani hujaona hata mbuzi."
Basi tukapakia Reno ya marehemu baba yake,
mlango wa nyuma umefungwa kwa waya,
thamosi nimeibana mapajani,
kibuyu cha mate na mrija wake wa chuma,
na ramani ya Patagonia yenye viduara saba vyekundu.
Vituo saba vya kusimama, alisema. Utaona.

Cha kwanza kilikuwa kituo cha petroli kisicho na petroli.
Kijana, miguu juu ya meza,
akatuambia lori litakuja kesho,
au keshokutwa, likijaliwa.
Choo kinalipiwa.
Nikalipa, ndipo nikaambiwa maji hakuna.

Cha pili, mkahawa wa Bi Herminda,
ambao mjomba wake Eluney aliusifia miaka thelathini:
kondoo anayeyeyuka mdomoni, utajing'ata vidole.
Tulikuta bati linapigapiga, mbwa mmoja,
na mwanamume asiyejua Herminda ni nani,
aliyetuuzia empanada mbili baridi kama sakafu.
Yangu ilikuwa na hewa, na zeituni moja,
na kokwa ya zeituni.
"Jino langu!" nikasema.
Eluney alicheka hadi akashindwa kukamata usukani.

Upepo wa huko haupigi hodi.
Unaisukuma gari upande wa pili wa barabara
kama mtu anayetafuta nafasi kwenye benchi.
Guanako wamesimama kando ya seng'enge, shingo juu,
wanatutazama kama mashemeji.

Halafu mabango.
JITU LA KALE, KILOMITA HAMSINI!
JITU LA KALE, KILOMITA ISHIRINI!
UMEKARIBIA! USIPITE!
Hatukupita.
Dinosau wa saruji, rangi ya kijani imebambuka,
shingo imeishia kwenye nondo tatu zenye kutu,
na kichwa chake kiko chini, kando ya mguu,
kama kofia iliyovuliwa msikitini, sijui kanisani.
Mama mmoja aliacha kufuma akatukatia tiketi.
"Na kichwa?"
"Dhoruba ya Agosti. Mnaweza kupiga nacho picha.
Bei ni ileile."
Eluney akakaa juu ya pua.
Picha ninayo. Amefumba macho.

Cha nne tulikipita tukibishana
nani alimpenda kwanza Lautaro wa darasa la sita,
na kama alistahili.

Cha tano ni ziwa la flamingo.
Chumvi tupu. Tairi moja.
Tulisimama pale kwa muda mrefu kuliko kote,
mikono mifukoni, nywele zimetuingia midomoni,
tukilingoja ziwa lijieleze.
"Hiki na cha sita," akasema,
"niliviongeza jana usiku."
Sikumjibu. Nilimimina maji kibuyuni,
tukapokezana mrija.
Majani yalishachoka, hata uchungu hayakuwa nao.

Cha sita ilikuwa kona. Kona tu.
Sikumuuliza kwa nini.

Cha saba, kilima ambacho ukisimama juu yake
unauona mji wote, bandari, na hospitali
ambayo Jumatatu wangemkabidhi koti jeupe.
Tuliona ukungu.
"Uko hapo chini," akasema, akinyoosha kidole.
Nikasema nauona.

Nilirudi kwa basi la usiku, viti arobaini na nne,
mapazia mazito, sinema bila sauti.
Saa tisa hivi taa zikamulika miguu ya kijani,
tumbo, kisha nondo.
Nikainuka nusu, nikagonga kichwa kwenye rafu.
Mzee wa pembeni akaamka:
"Kuna nini?"

"Hamna kitu," nikamwambia,
nikafuta kioo kwa kiganja,
nikaendelea kutazama nyuma,
mfukoni nikiigeuzageuza ile kokwa.